Samaki Niliyemvika Magamba

Mtamba mmoja mwekundu, mwenye afya, wa kuzaa mwaka ujao: hiyo ndiyo gharama ya chakula cha mchana nilichowaandalia wakwe zangu, na hapo sijaitia aibu, ambayo nimejaribu kuihesabu mara mbili na mara zote mbili imekataa kujumlishwa. Nawasimulia mwenyewe, rafiki zangu, kwa sababu hapa Marani kisa hiki sasa kina matoleo mengi kuliko nyimbo za arusi, na katika toleo moja nimesikia eti nililia. Sikulia. Ulikuwa moshi wa jikoni.

Mnajua kwetu Gusii ng'ombe wa mahari hawatoki zizini kabla watu wa msichana hawajaja kuwaona kwa macho yao. Wanakuja, wanawaangalia pembe na kwato, halafu wanakaa wanakula, na chakula hicho ndicho kinachowaambia binti yao atakwenda kushiba au kufunga. Msichana wangu anaitwa Moraa, wa upande wa Nyamira, na baba yake ni mzee wa kanisa la Wasabato. Kwa kuwa baba yangu ameshatangulia, baba mdogo ndiye aliyenisemea, akaafikiana nao ng'ombe wanane, bei ya huruma kabisa ukizingatia jinsi mahari ilivyopanda tangu askari warudi kutoka Burma. Mimi niliambiwa ninyamaze, maana kijana hajadili mahari yake mwenyewe, na kwa mtu anayekula kwa kununua wimbi Ogembo na kuubishania hadi Kisii, kunyamaza ilikuwa kama kumfunga mbwa karibu na bucha.

Wageni walikuwa waje Jumapili. Ijumaa asubuhi mama akaniambia, "Ombati, mchinje yule jogoo."

Sasa yule jogoo nilikuwa nimeshamtafutia mnunuzi, tena mnunuzi asiyejua bei. Nikamwambia mama kuku kila mtu anapika, hawa ni watu wa heshima, tuwape samaki wa ziwani. (Nilisema "samaki wa ziwani" kwa sauti ya mtu aliyezaliwa Kisumu, ingawa Kisumu nimefika mara moja tu, nikiwa juu ya magunia.)

"Jogoo yuko hapa, samaki yuko mbali," mama akasema.

"Mama, niachie."

Hapo ndipo palipoharibika. Kwingine kote nilikuwa naporomoka tu.

Sokoni Kisii nilimkuta mama mmoja wa kutoka ziwani na samaki wake wabichi aina ya ngege, wanang'aa kama sarafu, na bei yake ilikuwa imekaa kitako haitaki kuinuka wala kulala. Nikambishia mpaka jasho likanitoka, naye anapepea nzi tu. Mwisho nikaona pembeni yake kapu la samaki wa moshi, vipande vinene, vya kahawia, vinachuruzika mafuta, havina kichwa wala mkia, na bei ya kapu zima ilikuwa kama ya ngege mmoja na nusu.

Nikamuuliza, "Huyu ni samaki gani?"

"Samaki mtamu."

Mimi si mtu wa kudanganywa, kwa hiyo nikauliza mara ya pili. "Nakuuliza, samaki gani?"

"Mtamu sana."

Nikaona majibu yote mawili yanalingana, nikalipa, nikaondoka upesi kabla hajajua nimemwonea.

Jumapili asubuhi, obokima, ugali wa wimbi, ikingoja kusongwa na chinsaga, ile mboga yetu chungu, ikiwa imelala chunguni na maziwa tangu jana jioni ipunguze uchungu wake (mama yangu akiipika, hata majirani wenye ugomvi nasi hupita wakitusalimu), mama akafungua majani ya mgomba aliyofungia samaki. Akageuza kipande. Akakipapasa. Akageuza kingine.

"Mwana one, mwanangu, huyu samaki ngozi yake ni kama yangu. Magamba yake yako wapi?"

Nilikuwa nahudhuria darasa la ubatizo, sitawaficha, kwa ajili ya baba yake Moraa, na mwalimu alikuwa ametufundisha vizuri kabisa kwamba Msabato hali samaki asiye na mapezi na magamba. Nakumbuka hata nilinyoosha mkono kuuliza kama kimoja kati ya hivyo viwili hakitoshi. Yule mama wa sokoni alikuwa ameniuzia mumi, samaki mtelezi wa matopeni ambaye tangu dunia iumbwe hajawahi kuwa na gamba hata moja.

"Jogoo bado yuko," mama akasema taratibu.

Mtu mwenye akili angechukua kisu. Mimi nikamwambia, "Pika. Magamba nitayaleta."

Rafiki yangu Odhiambo, fundi cherehani wa hapa sokoni, ni mtu wa ziwani, na kwake Jumapili haikosi samaki. Nikamkuta mkewe mlangoni anapara ngege. Nikamwomba Odhiambo magamba.

"Magamba?"

"Magamba tu. Nyama baki nayo."

Akaniangalia juu chini. "Omera, ndugu yangu, watu huomba samaki. Wewe unaomba nguo zake?"

Nikamwambia ni dawa ya miguu ya ng'ombe. Akasema basi kama ni dawa, ina bei. Tukavutana, na kwa kuwa sikutaka kutoa hata senti, tukakubaliana magamba hayo kwa sahani moja ya chakula kwangu mchana. Nilirudi nyumbani nimeyafunga kwenye jani la mgomba, nacheka peke yangu njiani kwa jinsi nilivyopata magamba bure. Nilikuwa nimemwalika shahidi wa mashtaka, tena kwa hiari yangu.

Nikayamwaga mlangoni mwa jiko, mahali ambapo mgeni lazima ayaone. Yaling'aa vizuri mno. Kisha (na hapa ndipo baba mdogo hatanisamehe) nikaona yamebaki kidogo, na mimi situpi kitu, nikasubiri mama atoke kuchota maji, nikaingia jikoni, mwanamume mzima, nikafunua chungu nikayatia machache kwenye mchuzi, ili hata mwenye shaka akute ushahidi kwenye sahani.

Wakaja. Baba yake Moraa, mzee mpole, mrefu, wa maneno machache. Wazee wawili wa ukoo ambao hawakusema kitu siku nzima. Na dada wa mzee huyo, shangazi Kerubo, mama mnene mwenye macho ya karani wa kodi. Akapita jikoni kumsalimia mama, akayaona magamba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza kumhesabu Moraa kuwa yuko nyumbani.

Ng'ombe wakakaguliwa, wakapita, tukakaa. Sala ikawa ndefu, wimbi ukanukia, vikapu vya obokima vikafika vikitoa mvuke, na nawaambia ukweli, ule mchuzi ulikuwa mtamu. Mama alikuwa ameuunga kwa maziwa na samli mpaka ukaganda midomoni. Baba yake Moraa alikata tonge, akachovya, akala, akachukua kipande cha pili. Akachukua cha tatu. Baba mdogo akanikonyeza.

Halafu shangazi akaacha kutafuna. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa kitu, akakiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Hiki ni nini?"

"Gamba, shangazi," nikasema kwa fahari, ingawa nilikuwa nimekatazwa kusema.

"Naliona ni gamba. Hili gamba ni bichi. Samaki huyu ni wa moshi." Akanigeukia. "Wewe kijana, huku kwenu samaki mnamkausha kwanza, halafu ndiyo anaota magamba?"

Baba mdogo akakohoa akasema mtoto ana haraka ya kuoa, pengine alipara vibaya. Wazee wakacheka kidogo. Shangazi naye karibu acheke, nami nikavuta pumzi, na kama Odhiambo angechelewa njiani hata kwa muda wa kufunga kamba ya kiatu, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Aliingia amevaa koti lake la Jumapili, akasalimia kila mtu kwa mkono, akanawa, akaketi, akatazama sahani. Uso ukamng'aa kama wa mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

"Mumi! Ai, mumi mnono namna hii! Wazee, na nyinyi Wasabato siku hizi mnakula mumi?"

Alidhani hawakusikia, akaongeza kwa sauti.

"Huyu ndiye mfalme wa samaki, hana gamba hata moja la kukusumbua!" Kisha nikaona wazo likimjia, nikamtolea macho, nikamkanyaga mguu chini ya meza, nikakuta ni mguu wa baba mdogo. "Kumbe! Ombati! Ndiyo maana asubuhi umekuja kwangu kuomba magamba ya ngege!"

Shangazi aliinuka akatoka nje, tukamsikia anasukutua maji mara nyingi kuliko nilivyotaka kusikia. Mama alijifunika uso kwa kanga. Baba yake Moraa alitazama sahani yake, ambayo ilikuwa tupu.

Shangazi aliporudi aliongea na baba mdogo tu, kama mimi sipo. "Tulikuwa tumemaliza. Sasa twende zizini upya. Mtu anayemvika samaki nguo za mwenzake, sijui amewafanya nini ng'ombe."

Basi akawapitia wote wanane. Aliwafunua midomo. Aliwavuta mikia. Alitia mate kidoleni akamsugua mmoja mweusi mgongoni kuona kama rangi itatoka. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua, na kila ng'ombe aliposhinda mtihani walishangilia. Mwisho akasema, "Ng'ombe ni wa kweli. Mwenye ng'ombe ndiye wa mashaka. Ongezeni mtamba mmoja, na yeye arudi darasani aanze somo la kwanza. La sivyo, msichana wetu hajakosa kwao."

Baba mdogo alikubali kabla sijafungua mdomo. Nadhani aliniogopa zaidi mimi kuliko shangazi.

Wiki nzima sikulala vizuri, nikidhani Moraa atanikataa. Nilipokutana naye kwenye kinu cha unga, nikaanza kujieleza, akanikatiza.

"Nyamaza. Nimecheka tangu Jumapili mpaka mbavu zinaniuma. Nilikubali mtu, sikukubali samaki. Lakini ukinioa, jikoni hutaingia."

Nikaapa. Na hapo hapo nikaapa jingine: kwenye chakula cha wageni sitabishana bei tena maisha yangu yote, hata wakiniuzia maji.

Sasa rafiki zangu, nataka shauri. Mtamba nitampeleka wimbi ukishavunwa. Juzi sokoni baba yake Moraa alinivuta kando ya mzani wa pareto, akasimama akitazama upande mwingine, kama ilivyo heshima kati ya mkwe na mkwe, akakohoa.

"Yule mama wa samaki," akasema, "hukaa siku gani pale Kisii?"

"Mzee, lakini wale samaki wake hawana..."

"Sijauliza magamba. Nimeuliza siku." Akakuna kidevu. "Yule mtamba naye, kwani ana haraka gani?"

Nikimletea kipande kimoja kwenye jani, naokoa mtamba. Shangazi akijua, ataongeza wawili, au Moraa atabaki Nyamira. Nimepiga hesabu mara mbili, kila mara inatoka jibu tofauti. Nyinyi mngefanyaje?