Mama Aliyeitwa Kulia

Usiku ule nilikuwa nimemaliza kuangalia filamu ya kumi na saba, ya mwisho niliyoweza kuipata. Mama yangu alionekana ndani yake kwa sekunde kumi na moja. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, safu ya nyuma, kajitanda khanga, analia. Mbele yake mwigizaji mkuu alikuwa akigaragara kwa ajili ya mume wake wa kwenye hadithi, na kamera ilimpita mama kama mtu anavyopita mbele ya duka lililofungwa. Nilirudisha nyuma mara nne. Kisha nikasubiri majina ya mwisho, ingawa nilijua nitakachokikuta. Waigizaji, mwongozaji, mpiga picha, mpishi, halafu yale maneno yaliyofunga kila filamu aliyocheza: na wengineo.

Nikaandika kwenye daftari: msiba, mkeka, analia, dakika ya arobaini na mbili. Nikafunga kompyuta, nikalala.

Mimi si mtu wa kusimulia ndoto. Hii naisimulia, lakini lazima kwanza niseme nilikuwa natafuta nini.

Katika filamu zilizotengenezwa Dar es Salaam wakati nakua, ilikuwa nadra kukuta hadithi isiyo na msiba, na kila msiba ulihitaji wanawake wa kujaza mkeka. Mama alikuwa mmoja wao. Hakuwahi kupewa neno la kusema. Waliendelea kumwita kwa sababu moja tu: akiambiwa alie, alilia, machozi ya kweli, kamasi na yote.

Mtoto wa mtu wa namna hiyo hujifunza mapema kuyapima machozi. Baba alipotuhama nilikuwa na miaka tisa. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda akalia, nami nikajiuliza kama angeendelea endapo pasingekuwa na mtu wa kumwona. Nikatoka chumbani, nikafunga mlango, nikachungulia kwenye upenyo. Alikuwa amenyamaza. Kwa miaka mingi niliuhesabu ukimya huo kuwa ushahidi.

Nilipohamia Dodoma, baada ya chuo, alinisindikiza hadi mlangoni. Begi lilikuwa begani kwangu. Akaanza kulia. Nami, msomi wake, nikasema, "Mama, unalia kwa ajili ya kamera au kwa ajili yangu?"

Alijifuta kwa pindo la khanga. Akacheka kidogo. "Haya, safari njema," akasema.

Mara iliyofuata nilipomwona alikuwa hospitali, kiharusi kimemchukua sauti, na baada ya siku tatu kikamchukua mwenyewe. Msibani nilikaa nje na wanaume, kwenye viti vya plastiki. Ndani wanawake walikuwa wakilia, na nilijikuta natega sikio nijue ni nani analia kweli. Mimi mwenyewe sikutoa hata tone. Nilirudi Dodoma na swali moja, lile lile nililomwachia mlangoni. Nilitaka kujua kama machozi ya siku ile yalikuwa yangu. Nikaanza kumtafuta kwenye filamu, kama vile ningeweza kuyalinganisha.

Nilimtafuta hata Mama Kidawa, mwenzake wa kwenye mikeka, ambaye siku hizi anashona nguo kibarazani kwake Magomeni.

"Wewe ndiye Idi?" aliniuliza, akinitazama kutoka miguuni hadi kichwani. "Mama yako alituambia ana mtoto anayeuliza chumvi kwa nini ina chumvi."

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa hapo. Usikalie kitambaa cha watu."

Nikamuuliza walikuwa wanaliaje.

"Mimi? Kitunguu," akasema bila haya. "Nakificha kwenye leso. Mwenzetu mwingine alikuwa anajipaka dawa ya kifua chini ya macho. Siku moja ikamwingia, akalia mpaka kesho yake, na mwongozaji anamsifia kipaji." Akacheka peke yake mpaka akaiachia cherehani. "Mama yako hakuwa na kitu. Anajitanda, anasema nipeni dakika moja, basi. Yanakuja."

"Alikuwa anawaza nini?"

"Nimuulize? Mtu akienda msalani, wewe unamfuata?"

Kisha akanipa kisa cha Tandale. Walikuwa wamefunga turubai uani kwa mtu, wanawake wamejaa mkekani, mama yuko safu ya nyuma kama kawaida. Bibi mmoja wa mtaa huo akapita, akaona msiba. Akavua ndala, akaingia. Hakuuliza nani kafa, kwa sababu msibani huulizi ukiwa mlangoni. Alikaa pembeni ya mama, akamshika mkono, akaanza kulia naye.

"Mwongozaji anapiga kelele, kata, kata, huyu bibi katoka wapi? Sisi wote hoi kwa kicheko. Mama yako hakukata. Alimlalia yule bibi begani, akalia mpaka vijana wakaanza kukunja nyaya. Tukamwambia, bibi, samahani, hii filamu. Unajua alitujibu nini? Filamu yenu, lakini huyu mtoto analia."

Nilikiandika kisa chote. Pembeni nikaongeza: aliweza kuendelea hata baada ya kuambiwa kata. Niliona ni jambo la ustadi.

Hayo ndiyo niliyolala nayo usiku ule.

Katika ndoto nilikuwa nje, kwenye viti vya plastiki, pamoja na wanaume. Ilikuwa nyumba ya bibi yangu kule Temeke, ingawa nyumba ile ilishauzwa na kuvunjwa. Wanaume walizungumza juu ya mpira kwa sauti za chini. Niliwauliza nani kafa. Mmoja akanisogezea kiti, na nilipokaa nikagundua nilikuwa nimeshakaa. Katikati yetu ilisimama kamera juu ya miguu yake mitatu. Hakukuwa na mtu nyuma yake, lakini taa yake nyekundu ilikuwa ikiwaka.

Kisha niko ndani. Sikupita mlangoni. Ni chumba cha wanawake, na mwanamume ni mimi peke yangu, lakini hakuna anayeshtuka wala anayenifukuza. Wamejitanda wote, wamenipa mgongo. Hawalii. Chumba kimejaa watu na hasikiki hata mtu akivuta pumzi. Natazama safu ya nyuma, naona khanga ya zambarau iliyopauka, na namjua kabla hajageuka.

Mama anageuka. Hashangai kuniona.

"Vua viatu," anasema.

Navua. Chini ya kiatu kuna kiatu kingine. Navua hicho, chini yake kuna kingine, kidogo zaidi, cha shule, na kingine tena. Mama anangoja. Hana haraka, kama alivyokuwa akingoja nimalize kufunga vifungo vya shati asubuhi za shule. Hatimaye miguu yangu inagusa mkeka, na mkeka ni wa baridi.

Nakaa pembeni yake. Uso wake ni mkavu. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta analia, na ukavu ule unanitia hofu kuliko kifo chake. Nataka kumuuliza aliumia kiasi gani, na kama alinisikia hospitali nilipomwita. Badala yake nasema, "Nimekuona kwenye zote. Kumi na saba."

"Ile ya mwisho nilikaa vibaya," anasema. "Mguu ulikufa ganzi."

Anatabasamu, nami natabasamu, na kwa kitambo kidogo tumekaa tu. Ni kitambo kizuri. Najua tayari kwamba hakitadumu, kwa sababu mkeka umeanza kuwa sakafu ya saruji, na safu ya wanawake imekuwa ukuta, na kwenye ukuta kuna mlango wa nyumba yetu. Begi liko begani kwangu. Mama amesimama mbele yangu na machozi yanamshuka.

Najua neno linalokuja. Nafunga mdomo. Nauma meno. Neno linatoka hivyo hivyo, kwa sauti yangu, na ule ujanja wake wote.

"Mama, unalia kwa ajili ya kamera au kwa ajili yangu?"

Safari hii hajifuti. Ananitazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama anayetafuta mahali pa kuweka mzigo.

"Idi," anasema. "Umeniuliza nalia kwa ajili ya nani. Toka nimekuzaa hujaniuliza, mama, unalia nini?"

Nafungua mdomo nimuulize. Nimelipata swali, liko hapa kwenye ulimi. Huko nje sauti ya mwanamume inasema, "Kata."

Wanawake wanasimama. Wanakung'uta khanga, wanakunja mkeka, mtu anapita akizungusha waya mkononi. Mama naye anasimama, maana ameambiwa. Wanatoka wote kwa pamoja, na kwa nyuma, wakiwa wamejitanda hivyo, siwezi kujua ni yupi.

Niliamka mdomo ukiwa wazi.

Kulikuwa kunapambazuka. Upepo wa Dodoma ulikuwa ukisukuma pazia, na jirani alikuwa akifua. Nilikaa kitandani nikafanya ninachofanya kila mara, nikatafuta maelezo. Hayakuwa mbali. Mtu aliyeangalia misiba kumi na saba ataota msiba. Sauti niliikumbuka, khanga niliikumbuka, mlango ulikuwa ukinisumbua kwa miezi sita, tangu msiba. Sikuhitaji mtu atoke kaburini kuniletea maneno ambayo kichwa changu kingeweza kuyatunga chenyewe.

Lakini nilikwama hapo. Kama ni mimi niliyeyatunga, kwa nini sikuwahi kuyasema? Hilo ni swali la kila siku. Mtoto akianguka barabarani, mpita njia asiyemjua huinama na kumuuliza, unalia nini? Nimewauliza watoto wa majirani. Niliwahi kumuuliza mlevi mmoja kituo cha mabasi. Mwanamke aliyenizaa alilia mbele yangu miaka ishirini na mitano, na muda wote nilikuwa nikichunguza machozi yake ni halisi au bandia.

Nikampigia simu mama mdogo, mdogo wake mama wa kufuatana naye, aliyebaki Dar es Salaam.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mbona asubuhi hivi? Unaumwa?"

"Siumwi. Nina swali."

"Basi huumwi kweli."

Nilisikia ufagio wake ukiendelea kupita uani.

"Mama alikuwa analia nini?"

"Kwenye filamu?"

"Kwenye filamu, na nyumbani. Alikuwa na jambo gani?"

Ufagio ukasimama.

"Sijui, Idi."

"Mlilala kitanda kimoja mpaka alipoolewa."

"Ndiyo nakwambia sijui. Tulimzoea. Tulikuwa tunasema dada machozi yake yako karibu, basi tunacheka, na yeye anacheka. Alipoanza hizo filamu tukasema angalau yamepata kazi." "Nani angemuuliza? Wewe ulimuuliza?"

"Hapana."

"Haya."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sitajua. Mama Kidawa hajui, dada yake hajui. Na siku ile mlangoni, machozi yale huenda yalikuwa yangu, au huenda yalikuwa ya jambo jingine kabisa, zito, la kwake mwenyewe, ambalo alikuwa amelibeba tangu kabla sijazaliwa na ambalo siku ile, kwa begi langu, lilimzidi. Nilikuwa nimechelewa kuuliza. Kulikuwa na bibi mmoja tu wa Tandale, aliyeingia msiba usio wake, na yeye hakuuliza kitu. Alimshika mkono.

Nilikuwa nataka kuaga. Ndipo nikasikia pumzi ya mama mdogo inabadilika. Alikuwa ameisogeza simu mbali na mdomo, lakini kilio hakifichiki kwa njia hiyo. Mawazo yangu yakaanza safari yao ya kawaida: analia kwa ajili ya dada yake, au kwa sababu namsikiliza? Nikayaacha yapite.

"Mama mdogo," nikasema. "Unalia nini?"

Jirani yangu alikamua nguo, maji yakamwagika kwenye beseni. Nilingoja.

"Ni mambo marefu, Idi," akasema mwishowe. "Wewe una kazi zako."

"Sema tu," nikamwambia. "Leo sina pa kwenda."