Kasuku wa Mama na Mgeni wa Kisiwani

Mtu mwenye kasuku anayejinyonyoa manyoya akija kuniuliza kama ndege wa pili atamsaidia, humjibu kwamba atamsaidia, halafu namuuliza habari za mahindi yake. Sipendi kuulizwa swali hilo. Jibu lake nilishalipata nikiwa mtoto kule Chome, milimani Upareni, enzi za Mwingereza, na hadi leo nilivyo bibi wa wajukuu, nikilikumbuka hutafuta maharage ya kuchambua ili mikono isikae bure.

Kasuku alikuwa wa mama. Baba alimleta kabla sijazaliwa, alipokuwa akifanya kazi ya reli kule Kigoma, ambako wachuuzi wa Kongo waliuza hao ndege wa kijivu wenye mkia mwekundu. Ilikuwa zawadi ya kumtuliza mkewe, maana mwanamume wa reli hakai nyumbani. Baadaye alihamishiwa Same, kwenye genge la kutengeneza njia ya treni, lakini hata huko hakupanda mlima kuja kwetu ila mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote mama alizungumza na kasuku. Alimtafunia karanga, alimkuna kichwa kwa kidole, na alimgombeza vilevile alivyotugombeza sisi.

Basi kasuku akawa na sauti ya mama. Sisemi ilifanana. Ilikuwa ni yenyewe, na Kipare chake cha watu wa tambarare, na ule mkwaruzo mwishoni mwa neno. Akisikia viatu vizito mlangoni alisema, "Umefika?" kwa sababu ndivyo mama alivyompokea baba. Mimi nikisukuma mlango alisema, "Umenawa?" Nami nilikuwa mtoto mwenye mikono michafu kuliko wote Upareni, kwa hiyo neno hilo nililichukia kuliko dawa ya minyoo.

Mama akashikwa na kifua wakati wa baridi. Wanaume walimlaza kwenye machela wakavuka naye mlima kwenda Gonja, kwa waganga wa misheni, naye akafia huko. Waliporudi naye kaburi lilikuwa limeshachimbwa migombani, wakapitiliza huko huko. Kasuku alimwona akitoka mlangoni, hakumwona akirudi.

Matanga yalipokwisha tulinyolewa sote, kama ilivyo desturi. Aliyetunyoa ni shangazi, dada yake baba, ambaye alibaki kutulea. Ni siku hizo hizo kasuku alipoanza kung'oa manyoya ya kifuani, moja moja, akiyadondosha chini ya tundu. Watu waliokuja kutoa pole walitikisa vichwa wakasema, ona, hata ndege amenyoa. Waliona ni heshima kubwa. Hakuna aliyemzuia, kwani nani humzuia mfiwa asinyoe? Lakini nywele zetu ziliota, yeye akaendelea. Kifua kikabaki ngozi tupu, kikaingia vidonda, na ukungu wa Chome unapenya hata kwenye blanketi, sembuse kifua kisicho na kitu.

Shangazi alikuwa mtu wa maneno machache na yote makali. Asubuhi moja alisimama mbele ya tundu, mikono kiunoni.

"Tumekosea," akasema. "Mfiwa hajinyoi mwenyewe. Hunyolewa na watu wake. Huyu anajinyoa kwa sababu hana mtu."

"Ana mimi," nikasema.

"Wewe si ndege."

Nilikasirika mpaka nikakataa uji. Kila jioni mimi ndiye niliyekaa naye. Neno lile nililolichukia sasa nilikuwa nalikimbilia kutoka shamba, nisukume mlango niulizwe. Wenzangu waliokuwa na mama zao walikwenda kucheza. Mimi nilikuwa na wangu ndani ya tundu, na sikutaka mtu amguse. Nilijaribu hata kumkuna kichwa kama mama. Akaning'ata kidole.

Shangazi alituma salamu Kisiwani, kijiji cha tambarare alikozaliwa mama, kwa mjomba, ndugu yake mama, aliyekuwa akifuga ng'ombe huko chini. Mjomba akaja na kikapu kilichofunikwa, na ndani yake ndege mdogo wa kijani wa jamii ya kasuku, mwenye tumbo la rangi ya chungwa bivu. Alisema amemtoa kwenye kichuguu, wanakotagia.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," shangazi akasema, akimpokea kikapu.

"Na shemeji yangu naye tumtafutie mgeni?" mjomba akauliza huku akicheka, akimsema baba.

"Unywe uji wako urudi kwa ng'ombe," shangazi akamjibu.

Matundu yaliwekwa jirani, ndani ya nyumba. Mwanzoni kasuku alimpa yule mgeni mgongo, na akisogelewa alidonoa vijiti. Nilifurahi. Nilimwambia mgeni kwa sauti ya chini kwamba kwao ni mbali lakini njia ya kurudi ipo. Halafu jioni moja nikamkuta kasuku amebandika kichwa kwenye vijiti, amefumba macho, na mgeni anamchambua manyoya ya kisogoni taratibu. Ndivyo alivyokuwa akimwinamia mama. Nilishikwa na wivu nikatoka nje, nikakaa migombani mpaka nikaitwa.

Shangazi akawaweka tundu moja. Wakalala ubavu kwa ubavu. Vidonda vikakauka, kikaota kitu laini cha kijivu, na manyoya yenyewe yakaanza kuchomoza. Majirani walikuja kutazama, na shangazi alipokea sifa kama mtu aliyefufua maiti.

Ila maneno yalikwisha. Hayakwisha kwa siku moja. Kwanza aliacha kukohoa kile kikohozi cha mama cha siku za mwisho, na hilo sikulijutia. Halafu akawa anasema nusu ya neno. Kisha akajifunza kupiga ule ukelele wa ndege wa Kisiwani, wakawa wanaitana hivyo kutwa nzima. Nilisukuma mlango, akanitazama kwa jicho moja, akarudi kwa mwenzake.

Baba alikuja mwisho wa mwezi. Nilimsikia akikung'uta viatu kizingitini. Aliingia, akasimama katikati ya nyumba na mfuko wake begani, akangoja.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba," akajibu, lakini alikuwa anatazama tundu. "Huyu anaumwa?"

"Amepona," shangazi akasema. "Tazama kifua hicho."

Baba alitazama, akasema ni vizuri. Akala makande, jicho likiwa kwenye tundu. Ndipo nilipojua kwamba sikuwa peke yangu. Yule mtu alikuwa akipanda mlima wote ule ili aulizwe kama amefika, na sasa hakuna aliyemuuliza.

Mara iliyofuata alikuja kwa likizo. Shangazi alipokwenda kwake kuvuna, baba alimtoa mgeni akamweka peke yake kwenye tundu la zamani, akampeleka jikoni, kibanda cha nje nyuma ya nyumba. Alisema ndege wa tambarare anahitaji moto. Nilijua anachofanya, na nilikuwa namwombea afanikiwe. Kasuku alipiga kelele kumwita mwenzake mpaka akachoka, akakaa kimya kabisa, hakula. Nilikwenda shule nikiwa na roho nzito, nikirudi nikawa nakimbia.

Mchana mmoja nilitoka shule nikasukuma mlango.

"Umenawa?"

Nikakaa chini hapo hapo. Nililia na sikuona haya. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda kandokando ya tundu, na nadhani alikuwa hapo tangu asubuhi.

"Umemsikia?" akaniuliza.

"Nimemsikia."

Akanisogezea mkeka. Tukakaa wawili tukimsikiliza mama. Alimgombeza mbuzi, akacheka kile kicheko cha puani, akaita watu waje kula. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sasa nikitaka kuirudia siwezi, kwa sababu maneno ninayo lakini sauti imenitoka. Nimeitafuta kwa dada zake, nimeitafuta kooni mwangu mwenyewe. Haipo.

Kisha kasuku akakohoa kile kikohozi. Akainamisha kichwa, akashika unyoya kifuani, katika yale mapya, akauvuta. Ulitoka na damu kwenye shina. Akauachia, akasema, "Umenawa?" akashika mwingine. Baba hakutikisika. Chini ya tundu nikaona kwamba ile haikuwa mara ya kwanza. Baba alikuwa ameyafagia manyoya mengi pembeni na kuyafunika na ganda la mgomba.

"Baba, anajiumiza."

"Naona."

"Mama asingemwacha hivi."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumwambia baba maneno kama hayo. Alivua kofia akajifunika nayo uso. Nilidhani nitachapwa. Ndege akaendelea, neno na unyoya, neno na unyoya. Nilitaka azungumze mpaka giza liingie, na nilitaka anyamaze sasa hivi.

"Kamlete mwenzake," baba akasema kutoka ndani ya kofia.

Nilikwenda jikoni. Niliporudi na tundu la mgeni mikononi, nilimkuta baba amesimama mlangoni amevaa viatu vyake vya kazi.

"Ngoja kidogo hapo nje," akaniambia.

Akanipita. Alitembea mpaka kwenye njia, akageuka, akarudi akikanyaga kwa kishindo kama mtu aliyetoka Same kwa miguu. Akakung'uta viatu kizingitini. Akaingia.

"Umefika?" nikasikia.

"Nimefika, mama watoto," baba akasema.

Halafu akaniita nimlete mgeni. Nilisukuma mlango kwa bega, nikasimama katikati ya nyumba na tundu lile kifuani, nikingoja na mimi niulizwe. Kasuku alikuwa ameshamwona mwenzake.