Ng'ambo Niliyoiondoa kwa Patasi

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya Nyangwe ambayo hata leo sijaweza kuipatia bei. Na mimi, wanaonijua sokoni Kasongo watakuambia, si mtu wa kushindwa na bei.

Wakati wa Wabelgiji nilikuwa kijana mwenye kazi ya ajabu: kutengeneza picha za kitabu cha watoto wa shule ya misheni. Unachora juu ya ubao, kisha unachonga kwa patasi. Palipobaki panashika wino, palipochongwa panatoka peupe. Ukikata, umekata. Ubao haubembelezeki, nilijaribu.

Hadithi ilikuwa ya mtoto aliyefuata mto wetu Lualaba kwa mtumbwi ili aone maji yale yanaishia wapi. Picha zote nilizimaliza, ikabaki ya mwisho: bahari.

"Umeshaiona bahari?" Padri wa misheni, mwenye kitabu, akaniuliza.

"Hapana, Padri. Lakini hata wewe hujamwona sungura anayesema, na picha yake ya humu kitabuni umeipokea."

Akacheka, ila hakulegea. Ukurasa ule, akasema, angeweka picha ya kitabu cha Ulaya, yenye meli na wazungu wenye kofia. Nikamfikiria mtoto wangu wa hadithi, aliyepiga kasia kitabu kizima, anafika mwisho na kukuta nafasi yake imekaliwa. Nikambana Padri mpaka akanipa muda hadi siku ya soko.

Nikapanda baiskeli kwenda Nyangwe, kwa shangazi yangu Zaina, muuza samaki. Kule kulikuwa na watu ambao babu zao walitoka pwani, na maneno ya bahari yalikuwa yamebaki majumbani mwao. Nikamuuliza kila mtu. Mmoja akasema bahari ni pana kama kutoka pale mpaka Kabambare, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Nikapunguza nusu. Mwingine akasema ni mpaka Kabambare na kurudi. Huyo nilimpunguzia zaidi, maana alikuwa amekunywa. Nikachonga maji, mtumbwi, na mbali kidogo ng'ambo yenye michikichi.

Shangazi akautazama ubao.

"Hii iko Lualaba."

"Iko bahari, shangazi."

"Na ule muchikichi si wa shamba ya Amisi, ng'ambo pale? Basi unichonge na mimi, niko nauzisha samaki!" Kisha akaacha kucheka. "We mutoto, kila kitu watu wanakuambia, unapunguza. Bei ya samaki yangu punguza, nimezoea. Lakini bahari? Nani anakuuzishia?"

Nikaufunga ubao kwenye kitambaa. Nikalala na swali lake.

Asubuhi alinituma mtoni kupokea samaki. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya Lualaba. Ng'ambo ile niliyoijua tangu utoto haikuwepo. Hakuna michikichi, hakuna moshi wa jiko la mtu. Maji tu, yanaendelea. Mvuvi mmoja akasukuma mtumbwi wake, akawa mdogo, akawa mdogo zaidi, akaingia ndani ya weupe huku akiimba. Mwishowe ukabaki wimbo peke yake. Mwanangu, nikakaa kwenye matope na suruali yangu ya pekee. Samaki nikawasahau, na shangazi hakunyamaza juu ya hilo hadi alipozeeka.

Nikarudi, nikashika patasi. Nikikosea, ubao umeharibika na ukurasa ni wa wenye kofia. Nikaondoa michikichi. Nikaondoa ng'ambo yote. Ukabaki mtumbwi mdogo chini, mawimbi machache mbele yake, na weupe hadi ukingoni.

Siku ya soko, Padri alipoiona karatasi ya kujaribia wino, akakunja uso. "Mbona hujamaliza?"

"Tuwaulize watoto, Padri."

Akaipeleka darasani. Watoto waliozoea kupiga kelele hata katikati ya sala wakaizunguka meza bila kusukumana. Msichana mmoja mdogo, wa familia iliyohamia kutoka Kabambare, akaweka kidole juu ya mtumbwi, akakisukuma taratibu. Kidole kikapita mawimbi, kikapita weupe, kikatoka nje ya karatasi, kikaendelea juu ya meza mpaka urefu wa mkono ukaisha.

"Padri," akauliza, "ng'ambo iko wapi?"

Padri, aliyekuja kwetu kwa kuivuka bahari yenyewe, akavua miwani.

"Nami niliuliza hivyo hivyo, nikiwa melini," akasema.

Ukurasa ukachapwa kama ulivyokuwa.

Basi mwanangu, wewe unayechora, au unayemsimulia mtoto hadithi: sokoni punguza, omba nyongeza, ondoka ukijifanya umekasirika ili uitwe urudi. Lakini kitu kikubwa kikikujia, usikikate kikutoshe wewe. Na usimjazie mtoto ukurasa wote. Umwachie mahali pa kupitisha kidole.

Mungu akupe mkono mwepesi na macho yasiyochoka kushangaa. Na siku ukungu utakaposhuka mbele yako, akukalishe chini kwanza, hata kama suruali ni hiyo hiyo moja.