Kulinda Mahindi Yaliyokauka

Mwanangu alifia hospitalini kabla hajaanza hata kukaa, na watu waliokuja kutupa pole nyumbani kwetu Korogwe walikuja na maelezo tayari. Malaika huyo. Ni mpango wa Mungu. Nilikuwa naitikia amina huku moyoni nauliza, mpango gani huo, na mbona sikushirikishwa? Mimi ni mtu wa kutaka sababu. Fundi akiniambia cherehani imekufa, lazima anionyeshe ilipofia.

Mume wangu alipoanza kusema tutapata mwingine, nilimjibu, "Ili iweje?" Nikafungasha, nikaenda kwa mama yangu, kijijini Misima, na nikamwambia sirudi mpaka nipate jibu. Sikuwa natania.

Nilikuta mvua za vuli zimekatika na mahindi ya mama yamekauka kabla ya kubeba. Hata mbuzi wangeyasusa. Lakini asubuhi mama alijifunga khanga, akachukua debe na fimbo, akaenda shambani kufukuza nyani kama alivyofanya kila msimu tangu nipate akili. Nikamfuata. Tukapanda kwenye dungu, kile kichanja cha kuangalizia shamba. Nyani waliposhuka kutoka kilimani, mama alipiga debe na kuwatukania wazazi wao, wakarudi.

"Mama, tunalinda nini?"

"Shamba."

"Shamba halina kitu."

"Nyani hawajui."

Nikacheka, halafu nikakasirika. Nikamwambia anajichosha bure, mtu mzima na miguu yake inayouma. Akaniuliza kama kuna kazi nyingine nimemwona nayo nyumbani, aende akaifanye. Haikuwepo. Tukakaa, tukala viazi vitamu, tukawateta majirani. Kesho yake vilevile.

Nilidhani nikimchokonoa vya kutosha atanitolea hekima fulani. Hakuwa nayo. Kuhusu mtoto alisema tu, "Hata mimi sijui kwa nini, mwanangu. Na mimi nilimpenda." Iliniuma kuliko maelezo yote ya Korogwe, lakini angalau hakunidanganya.

Siku moja mama akaenda kliniki Handeni mjini. Aliniambia nipumzike, nisijisumbue na shamba. Saa ya nyani ilipofika nilijikuta njiani, debe mkononi. Walikuwa wameshaingia, wanavunja mabua makavu, wananusa, wanatupa. Nikapiga kelele. Nikawakimbiza katikati ya mistari mpaka kandambili ikakatika, nikiwaporomoshea matusi ambayo sikujua kwamba nayajua, na humo humo kwenye matusi nikaanza kumlilia mwanangu kwa sauti. Msibani sikulia hivyo. Nyani walisimama pembeni wakanitazama, mkubwa wao akijikuna.

Walipoondoka sikuwa nimeokoa hata punje moja. Nilikuwa na njaa, njaa hasa, ambayo sikuwa nimeisikia tangu maziko. Nikarudi nyumbani nikasonga ugali, nikala peke yangu mpaka sufuria ikabaki ukoko.

Jioni nikampigia mume wangu nikamwambia aje anichukue.

"Umepata jibu?" akauliza.

"Sijapata. Nadhani halipo. Lakini nataka mtoto. Naogopa, ila namtaka."

Nikadhani simu imekatika, nikaita, "Haloo?" Kumbe alikuwa analia. Nilikaa pale mlangoni kwa mama nikimsikiliza, na ndipo nikakumbuka kwamba na yeye alikuwa amefiwa.