Kitambaa cha Bi Marinda

Bi Marinda alikuwa ameshona sketi za shule kwa miaka thelathini na moja, marinda kumi na sita kila sketi, mpaka watu wakasahau jina lake halisi. Hata sasa, akiwa amelala wodini, mguu wake wa kulia ulikanyaga pedali isiyokuwepo chini ya shuka. Macho yakimlegea, aliona kitambaa cha bluu kikipita polepole chini ya sindano, kirefu, hakiishi, asijue kama anashona au anaota.

Kifuani mwake, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni ulikuwa umevimba kama tyubu ya baiskeli iliyochoka. Daktari wa upasuaji hakumficha: ukipasuka, hakuna wa kuuwahi. Watakata kipande kibovu, waweke bomba la kitambaa. Fomu ya kukubali upasuaji ilikuwa juu ya kikabati siku ya tatu sasa, haijatiwa sahihi, na kalamu yake pembeni.

"Shemeji, tia sahihi bwana," alisema mdogo wa mumewe, akimmiminia chai. "Unaogopa sindano, wewe uliyenidunga paja siku ya kunipima suruali ya harusi?"

"Ulikuwa hutulii. Na siogopi sindano. Naogopa fundi nisiyeujua mkono wake."

Daktari alipopita, Bi Marinda akamwambia, "Mwanangu, hicho kitambaa nikishike kwanza."

Daktari akatabasamu, kisha akaona hatanii. Akaenda, akarudi na kipande cha kufundishia: bomba jeupe, pana kama shingo ya chupa, lenye mikunjo midogo midogo mwili mzima.

Bi Marinda akalisugua kati ya vidole. Akalivuta, akaliachia, likajirudi.

"Kumbe nalo lina marinda," alisema taratibu. "Likilowa halinywei?"

"Halinywei, mama. Na limezibwa, damu haivuji."

"Haya. Likate katikati, uliunganishe nikikuona."

Daktari akaleta sindano iliyopinda kama ukucha wa paka, akaibana kwa koleo dogo, akashona kwa kuzunguka. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kutazama.

"Leo daktari yuko kwenye mtihani," shemeji akanong'ona.

Bi Marinda akaupeleka mshono kwenye mwanga wa dirisha. "Hapa. Hatua mbili za sindano umebana, ya tatu umeiacha pana. Fumua."

Daktari aliutazama mshono kwa muda. Kisha akafumua, akaanza upya. Safari hii Bi Marinda alipitisha kidole kwenye mshono wote. Alinyoosha mkono, akachukua kalamu.

Kesho yake walimpoza mwili, wakausimamisha moyo, mashine ikashika kazi yake. Huko usingizini alikokuwa kulikuwa na baridi, na ukimya wa karakana cherehani zote zinaponyamaza. Alitembea ndani ya mkono wa shati jeupe, mrefu, wenye mikunjo, akipapasa mshono kwa kidole, tundu kwa tundu. Hakuna lililoachwa wazi. Mbele, mahali fulani, mtu akakanyaga pedali.

Alipozinduka, koo lilikuwa limekauka kwa bomba la kupumulia lililokwisha kutolewa. Daktari alikuwa ameketi kando, barakoa ikining'inia shingoni.

"Ulishonaje?" Bi Marinda aliuliza, sauti ikikwaruza.

"Nilifumua mara moja tu, mama. Mshono ulikuwa hauvuji, lakini hatua moja niliiona pana."

Bi Marinda akafumba macho. Chini ya shuka, mguu wa kulia ukaanza kukanyaga, polepole, ukiufuata moyo.