Bichi Nimechagua Mimi, Wanaokwenda ni Wao

Siendi tena baharini! Mwanangu wa kumzaa mwenyewe kanikata safarini, na hapa Mpwapwa mtaa mzima bado unajua naenda. Haya sasa, hamjambo wanangu? Walio wakubwa kwangu, shikamooni. Admin, jina nifichie, maana huku nikitajwa hata mbuzi wananijua.

Mimi ni mama wa miaka sitini na sita, mjane, darasa la saba nilimaliza na mwandiko wangu walimu walikuwa wanausifia. Nina watoto wanne. Wa kwanza, tumwite Rehema, ni mtu wa ofisi Dodoma mjini. Mnielewe vizuri, siyo kufagia ofisi, ni kukaa. Ana meza yake, ana kiti kile cha kuzunguka, chai analetewa. Nyumba yake iko Kikuyu, mtaa wa hukohuko Dodoma, vigae mpaka jikoni. Hata leo na haya aliyonitenda, atakayesema mwanangu hana akili tutakosana.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwasalimia. Jioni tumekaa sebuleni, mimi, Rehema, mume wake, na mama wa huyo mume, mwalimu mstaafu, mwanamke mwenye maringo lakini tunataniana. Wakaunganisha simu na televisheni, zikaanza kupita bichi. Mkwe wangu akasema, "Likizo hii tunakwenda baharini. Mama, anza wewe, mkubwa ndiye anayefungua."

Jamani, nilichagua kama nachagua mbuzi wa mahari! Wakaonyesha Kigamboni, nikasema hapana, watu wamejaa hivyo nitapotea. Bagamoyo, nikauliza, "Maji haya mbona kama ya bwawani?" Yule mwalimu akadakia, "Mama Rehema, tangu lini ukajua maji? Kwenu si vumbi tu!" Tukacheka wote. Ikaja ya Pangani, mchanga mrefu, kimya, maji yamerudi nyuma mbali mtu anatembea anaokota makombe. Nikasema hiyo hapo. Mwalimu akabisha, akashindwa. "Uchaguzi wa mama umepita," mkwe akasema, wakanipigia makofi.

Sasa ningenyamaza? Nilirudi Mpwapwa nikatangaza. Kwaya ya akina mama niliwaambia, mashine ya kusaga niliwaambia. Jirani yangu mmoja alipoguna nikamjibu palepale, "Wewe guna tu, utakufa umeona bahari kwenye kalenda." Wenzangu wameniletea chupa nikawachotee maji ya bahari, wengine ya miguu inayouma, wengine ya kunyunyiza nyumba. Fundi kanishonea gauni la kitenge cha samaki.

Juzi Jumapili nikitoka kanisani nikampigia Rehema nimuulize, hilo gauni linafaa kuingilia majini?

"Gauni la nini, mama?"

"La Pangani."

Akauliza, "Mama, nani kakwambia unakwenda?"

"Si mlinichagulisha bichi?"

"Tulikuuliza kwa heshima. Mkubwa lazima aulizwe. Dada wa kazi anakwenda kwao, wewe unakuja kukaa na nyumba na kuku. Nilijua umeelewa."

Nikamuuliza, na mama wa mumeo? Akasema yeye anakwenda. Kwa nini yeye? Akasema, "Mama, usinilazimishe." Nikamwambia sema, mimi ndiye niliyekuzaa.

"Masikio, mama. Tutapiga picha, na ofisini wataziona."

Wanangu, masikio yangu ni ya kwetu. Yalitogwa nikiwa mdogo, yakavutwa mpaka yakakaribia mabega. Siku zile binti mwenye sikio fupi aliulizwa kama hana bibi wa kumvutia. Na mimi nilikuwa nayo mazuri kuliko wote, mpaka marehemu baba yake Rehema alipitia hapo kunipenda. Huyo Rehema mwenyewe alipokuwa ananyonya alikuwa halali mpaka alishike sikio hili la kushoto, azungushe kidole kwenye tundu lake, ndipo afumbe macho.

Nikamjibu kwa upole, "Si nitafunga kilemba?"

Akasema, "Upepo wa kule hauachi kilemba, mama."

Nikasikia mume wake anachukua simu. Nikasema moyoni, huyu ni mtoto wa watu, atasema neno. Akasema, "Shikamoo mama. Funguo tutaacha kwa jirani. Kuku wanataka maji asubuhi na jioni."

Nikaitikia marahaba.

Sasa nimebaki kupiga hesabu. Nikienda Kikuyu kimya kimya, nitakuwa nimewadanganya wenzangu, nirudi na chupa zenye maji ya bomba niliyotia chumvi, mgonjwa wa watu ayapake! Nikisema ukweli, nitamvua nguo mwanangu niliyemsifu hadi kwa mchungaji, na yule jirani ndiyo atapata cha kuimba hadi nife. Usiku huu limenijia jingine. Bichi naijua, nimeichagua mwenyewe. Nipande basi la Tanga niwatokee palepale mchangani, na gauni langu la samaki, masikio wazi? Nafsi moja inasema nenda. Nyingine inauliza, je, mwanao akikuangalia mbele ya watu akasema huyu simjui?

Walezi wenzangu, na nyie mabinti wa maofisini mnaojua mioyo yenu ilivyo, nipeni neno, nishike lipi? Msichelewe, nawaomba. Begi liko mlangoni, na wenzangu wamepatana kuja wote na sare na ngoma kunisindikiza hadi stendi, kwaya nzima na mchungaji na yule jirani, Jumamosi hii asubuhi.