Kapera Aliyeambiwa Mtoto Wake Amepona

Saa mbili asubuhi, Kawangware. Sabah anakunja mikono ya buibui na kutangaza kwamba kambi nzima hakuna anayechapa haraka kama yeye. "Kufuta tu ndiko kunanichelewesha," anaongeza.

Ana miaka sitini na moja na elimu ya darasa la saba. Kibanda chake cha kupigia barua chapa huko Lindi, Kibera, kiliteketea Januari hii, wiki ile ya vurugu za uchaguzi. Sasa anaandikisha waliokimbia makwao katika uwanja wa kanisa, ujira wake sahani ya githeri. Familia 640 zimepita kwake na kwa Ilyas, fundi wa kompyuta anayechapa kando yake kwenye kompyuta ya pili.

Namba ya familia haitungwi na mtu. Ukihifadhi jina, kompyuta inaitoa yenyewe. Sabah alikuwa akihifadhi, kisha anatazama namba ya mwisho kwenye orodha na kuinakili kwenye kadi.

"Nilisahau Ilyas naye anajaza orodha hiyo hiyo," anasema.

Ndivyo Nzembi, mama wa watoto watatu, alivyoandikiwa 214. Yake hasa ilikuwa 213. Kabla Sabah hajatazama, Ilyas alikuwa ameshamwingiza Shiundu, na 214 ikawa ya Shiundu.

Jumatatu moja binti mdogo wa Nzembi, aliyekuwa akiharisha vibaya, alikimbizwa hospitalini na plasta iliyoandikwa 214 mkononi. Gari lilibeba wagonjwa tu, mama akabaki. Jumatano hospitali ikapiga simu: mtoto wa 214 amepona; asipochukuliwa kufikia Ijumaa jioni, atapelekwa makao ya watoto. Kompyuta ikamtaja Shiundu, kapera wa miaka hamsini na minane.

"Amepona? Mungu asifiwe," alisema. "Lakini nilimzaa lini?"

Ijumaa asubuhi Nzembi alifika mezani mara ya tano. "Shosho," alimwita Sabah kama bibi yake, "bado hakuna habari?" Mara nne Sabah alikuwa amemtafuta kwa jina tu, na 213 haikuwa na habari yoyote. Safari hii Nzembi aliitupa kadi mezani. Sabah akaiona 214, akapiga kelele hadi mpishi akaangusha mwiko.

Saa tisa alasiri mtoto alikuwa mgongoni mwa mamake. "Usiku huo nililala fofofo," anasema Sabah.

Ilyas amerekebisha programu. Sasa jina likihifadhiwa, kompyuta inarudisha papo hapo namba ya jina hilo hilo, hata kama wengine kumi wanahifadhi. Sabah anaisoma kwa sauti, mwenye kadi anairudia.

Mambo yakitulia, anataka kujenga upya kibanda chake Lindi, safari hii na kompyuta. "Moja tu. Mbili zinagombana."

Shiundu anapita, anasema afadhali mzigo umemtoka, yeye hakuwa na haja na mtoto wa watu. Sabah anautazama mfuko wa koti la Shiundu. Soksi mbili ndogo za rangi ya waridi zinachungulia.

"Na hizo, mzee?"

"Zangu."

"Haya, zivae tuone."